Ukiongeza mkataba wa chumba, hela yako ya tahadhari iko wapi?



Juzi nilikuwa Muheza mjini, nimekaa kafe nasubiri zamu ya mashine. Wakaingia vijana wawili, mmoja ana flashi, wanataka kuprinti mkataba. Ni wanafunzi wa chuo kule Tanga mjini, wanaongeza miezi sita kwenye chumba chao. Nami kwa umbea wangu nikauchungulia. Ukurasa mmoja: majina, namba ya nyumba, kodi ya miezi sita, tarehe ya kuanza na kuisha, sehemu ya sahihi.

Nikawauliza: "Wadogo zangu, mlipoingia mwanzo mlitoa hela ya tahadhari?"

"Ndiyo kaka, ya mwezi mmoja."

"Humu imeandikwa wapi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Si ile ipo kwa mama mwenye nyumba? Hii ni kodi tu."

Jibu hilo nilishawahi kulitoa mimi mwenyewe kwa maneno yaleyale, na lilitugharimu Sh. 70,000. Nimeona badala ya kuwahubiria vijana wawili pale kafe, bora niandike tusome wote, maana msimu wa kuongeza mikataba ukifika mambo haya yanatokea mtaa kwa mtaa.

Kwanza niwasimulie yetu.

Sisi watu wa Amani mnatujua. Chuo kikiwa Tanga, huwezi kusema utaenda na kurudi. Kutoka kwetu mlimani hadi Muheza tu ni zaidi ya kilomita 30 za kona tupu, na masika ikikolea gari linaweza kulala njiani. Kwa hiyo kama hukupata hosteli, unapanga. Tulipanga watatu, chumba na sebule, kwenye nyumba ya Kiswahili pande za Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kodi Sh. 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Piga hesabu: kodi 360,000, dalali mwezi mmoja 60,000, tahadhari mwezi mmoja 60,000. Jumla 480,000, kila mtu 160,000. Mwenzetu mmoja fungu lake lilitoka kwenye iliki ya mama yake, yote iliyouzwa msimu ule. Mimi na mwenzangu wa tatu tulikopa huku na kule.

Mkataba wa kwanza ulikuwa safi. Uliandikwa na dalali, na ulisema wazi: "tahadhari Sh. 60,000 itarudishwa wapangaji wakiondoka na kukabidhi chumba kikiwa salama." Hapo hakuna wa kulalamika.

Miezi sita ikaisha. Yule wa iliki akaahirisha mwaka, ada ilikwama. Akaja mshikaji mwingine kuziba nafasi. Mama mwenye nyumba akasema kodi imepanda, sasa ni 70,000, kwa hiyo leteni 420,000. Akaongeza: "Na ile tahadhari yenu iwe sabini, ongezeni kumi." Yule mgeni akatoa hiyo elfu kumi, akaona kashalipa tahadhari yake, kamaliza. Aliyeondoka akauliza, "Na elfu ishirini yangu je?" Mama akajibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi sikupokea hela ya mtu mmoja mmoja, nilipokea ya chumba. Wenzako wakitoka watakupa." Sisi tukamwambia asijali, tutampa.

Dalali safari hii hakuwepo. Nani ana mwandiko mzuri? Mimi. Nikaandika mkataba kwa mkono wangu kwenye karatasi ya daftari: majina matatu mapya, kodi 420,000, miezi sita, tarehe. Tukasaini. Tahadhari sikuiandika, maana niliona ni ileile ya zamani, haihusiani na mkataba huu. Karatasi ya kwanza nikaona imepitwa na wakati. Wiki ile ile niliwashia jiko.

Mwisho wa chuo tukapiga deki, tukapaka rangi ukuta wa sebule, tukaenda kukabidhi. Mama alikuwa amehamia Dar kwa binti yake, nyumba anaisimamia mpwa wake. Tukaomba 70,000 yetu. Mpwa akatoa karatasi, akaisoma taratibu, akasema: "Nionyesheni ilipoandikwa."

Tukampigia mama simu. Hakutukana, hakukwepa. Alisema: "Lakini hiyo si tuliikata kwenye kodi mlipoongeza? Ndivyo ninavyokumbuka." Nami sikuwa na kitu cha kumkumbusha. Karatasi pekee iliyobaki duniani ilikuwa na mwandiko wangu, na mwandiko wangu ulikuwa shahidi wake yeye.

Hebu angalieni hela ile ilikuwa ya nani: ishirini yangu, ishirini ya mwenzangu, kumi ya yule mgeni, na ishirini ya mtu ambaye hakuwepo hata kujitetea. Huyo wa mwisho ndiye aliyeniuma. Tulipokutana Muheza stendi aliniuliza, "Vipi ile hela?" Nilimpa elfu kumi niliyokuwa nayo mfukoni. Iliyobaki nilikuja kummalizia baadaye sana.

Sasa tuingie kwenye uchambuzi, maana kisa peke yake hakitusaidii.

Hela unayotoa siku ya kupanga inakaa kwenye mafungu matatu, na sisi tunayachanganya. Fungu la kwanza ni kodi. Ukishaitoa imekwenda, umenunua siku za kulala. Fungu la pili ni la dalali. Nalo limekwenda, umenunua kuonyeshwa chumba. Fungu la tatu ni tahadhari. Hili halijaenda popote. Ni mali yako iliyo mikononi mwa mtu mwingine, naye ana haki ya kuigusa kwa sababu maalumu tu: umevunja kitu, au umeondoka na deni la maji, umeme au kodi.

Tatizo ni kwamba tumezoeshwa kuisahau tangu shule. Mnakumbuka zile fomu za kujiunga na sekondari za bweni? Kuna ukarabati wa samani Sh. 15,000, kuna kitambulisho, kuna tahadhari Sh. 5,000. Samani inaeleweka. Lakini ile 5,000 ya tahadhari, ni wangapi kati yetu tulipomaliza tulikwenda ofisini kuidai? Mimi sikwenda. Tumekua tukiamini kwamba tahadhari ni jina jingine la mchango.

Swali la pili: kwa nini inapotea hasa wakati wa kuongeza mkataba? Mtu akihama mwaka wa kwanza, mara nyingi atapata chochote, maana karatasi ipo na kumbukumbu bado mbichi. Akiongeza mara moja, mara mbili, inayeyuka.

Nimelifikiria sana hili, na jibu langu ni hili. Hela yenyewe haipo.

Mama mwenye nyumba alipopokea 60,000 yetu hakuiweka kwenye bahasha chini ya godoro. Alinunua bati, au alilipa ada ya mjukuu, au alitibiwa. Wenye nyumba wengi wa huku kwetu ni watu wa kawaida, nyumba ndiyo pensheni yao. Simwiti mwizi. Hela ikishakuwa bati, kinachobaki ni deni, na deni linaishi sehemu mbili tu: kwenye karatasi na kwenye kumbukumbu za watu. Siku ya kuongeza mkataba hakuna anayetoa wala kupokea tahadhari. Hakuna noti inayopita kutoka mkono huu kwenda ule ili watu waikumbuke. Karatasi ya zamani inakufa kwa sababu muda wake umeisha, karatasi mpya haisemi kitu, na kumbukumbu ya mama ni ya mtu mwenye vyumba sita na wapangaji wanaobadilika kila muhula. Hapo ndipo inapopotelea. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Na inapotea kwa njia nne ninazozijua. Ya kwanza ni ukimya, kama yetu: mkataba mpya hautaji kitu. Ya pili, inageuzwa kodi kwa mdomo: "si tuikate kwenye kodi tu?" Mpangaji anaitikia, halafu mwisho wa mkataba kila mmoja ana kumbukumbu yake, mmoja anasema ilikatwa, mwingine anasema ilibaki. Ya tatu, inaongezwa juu kwa juu kodi ikipanda, bila kuandika jumla imekuwa ngapi. Ya nne ndiyo ya wanafunzi hasa: watu wanabadilika. Watatu wanaingia, mmoja anatoka, mwingine anaingia, na tahadhari inabaki imeganda pale na majina ya watu ambao hawapo.

Msidhani ni ushamba wetu Waswahili. Wenzetu wa Uingereza, wenye sheria za kila kitu, walijikwaa palepale.

Kule Uingereza kwenye eneo la England na Wales, tangu tarehe 6 Aprili 2007, mwenye nyumba anayepokea tahadhari kwa upangaji wa kawaida lazima aiweke chini ya mpango maalumu wa ulinzi uliokubaliwa na serikali, na ampe mpangaji taarifa. Asipofanya hivyo mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji kati ya mara moja na mara tatu ya hela hiyo. Safi sana. Lakini ikazuka kesi moja, Superstrike dhidi ya Rodrigues. Mpangaji alitoa tahadhari Januari 2007, miezi michache kabla sheria haijaanza kazi. Mkataba wake wa mwaka ulipoisha Januari 2008 akabaki mlemle, na kisheria upangaji wake ukageuka kuwa mpya, wa mwezi hadi mwezi. Hakutoa hata senti mpya. Swali likawa: hela ya mwaka jana, kwenye upangaji huu mpya, imepokelewa au haijapokelewa?

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilisema imepokelewa. Upangaji mpya ulipoanza, ni kama mwenye nyumba alimrudishia mpangaji tahadhari na papo hapo akaipokea tena, ingawa hakuna noti iliyotembea. Kwa hiyo alipaswa kuilinda, na kwa kuwa hakuilinda, ile notisi yake ya kumtoa mpangaji ikawa haina nguvu. Wenye nyumba wakachachamaa, maana wengi walikuwa wameongeza mikataba bila kugusa tahadhari. Mwaka 2015 Bunge lao likarekebisha: kama tahadhari ililindwa vizuri mwanzoni na taarifa zikatolewa, hakuna haja ya kurudia kila mkataba ukiongezwa, ilimradi mwenye nyumba ni yuleyule, mpangaji ni yuleyule, na nyumba kimsingi ni ileile. Mwaka 2019 wakaweka pia kikomo: kwa nyumba nyingi tahadhari isizidi kodi ya wiki 5.

Someni tena lile sharti: mpangaji ni yuleyule. Mtu mmoja akitoka na mwingine akaingia, hesabu inaanza upya. Wabunge wa London na sisi watatu wa Ngamiani tulikutana na shimo lilelile. Wao walilifukia kwa sheria, sisi hatukuwa hata na kalamu.

Hapa kwetu hali ikoje? Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya mwaka 1984, ambayo ilikuwa na mabaraza yake ya nyumba. Mwaka 2005 Bunge likaifuta. Toka hapo mzigo mkubwa umehamia kwenye makubaliano yenu wenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu pango la muda usiozidi mwaka mmoja liwe hata la mdomo. Maana yake miezi sita yako ni halali hata bila karatasi, na kwa hiyo karatasi usipoitaka mwenyewe, hakuna atakayekulazimisha. Majirani zetu wa Uganda walipitisha sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Ile inataka mkataba uwe wa maandishi pango likifika thamani ya Sh. 500,000 za kwao, na inazuia kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ukitazama mkataba wa mwanafunzi wa miezi sita, unaona kwa nini wenzetu waliona karatasi ni muhimu.

Mkigombana, wengi tunakimbilia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ni sawa, maana anawajua wote wawili. Kuna Baraza la Kata pia, lakini tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, halihukumu tena. Likishindwa kusuluhisha, au siku 30 zikipita, ndipo mgogoro unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sasa niambieni, ni mwanafunzi gani wa mwaka wa mwisho, mzigo uko stendi, atakaa Tanga mwezi mzima akifuatilia 70,000? Ndiyo maana nasema kesi hii inashindwa au kushindiwa siku ya kuandika, kabla hata ugomvi haujazaliwa.

Na asije mtu akasema 70,000 ni hela ndogo. Wale wa boom mnajua: tangu mwaka wa masomo 2022/23 fungu la chakula na malazi la Bodi ya Mikopo ni Sh. 10,000 kwa siku. Kwa hiyo 70,000 ni siku 7 za kula na kulala. Wengine wiki kama hiyo tuliipita kwa pasi ndefu. Na kwa asiye na boom, ni iliki ya mama.

Sasa haki ni pande mbili. Nimeshaongea na wenye nyumba kadhaa, wana yao ya kusema. Wanafunzi wanaondoka usiku, bili ya maji imeachwa, kitasa kimeng'olewa, kioo cha dirisha kimewekewa boksi. Wengine wanasema mwezi wa mwisho, "mama, kula ile tahadhari," halafu chumba kinakutwa kama gulio limevunjika. Mwenye nyumba naye hela yake ya kukarabati inakuwa imeshaliwa na kodi. Kwa hiyo tahadhari ina maana yake, na mpangaji mstaarabu haigeuzi kodi kienyeji. Ila na mwenye nyumba mstaarabu hakati hela kwa rangi iliyofifia yenyewe. Chumba kikikaliwa kinachakaa, uchakavu huo ndio alioupokelea kodi.

Basi siku ya kuongeza mkataba fanyeni ndiyo siku ya hesabu. Haya ndiyo niliyowaambia wale vijana pale kafe.

Kwanza, kageni chumba pamoja na mwenye nyumba kabla hujatoa kodi mpya. Ukishalipa miezi sita mingine, nguvu yako ya kuongea imepungua. Kila kilichoharibika semeni siku hiyo, kikatwe au kitengenezwe siku hiyo, ili mkataba mpya usibebe madeni ya zamani. Piga picha kwa simu, kuta, mlango, dirisha, choo.

Pili, leteni pande zote za hesabu. Kuna hela ya mwenye nyumba ambayo wapangaji mnailipa bila kujua. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, na anayenunua umeme ni wewe. Kwa miezi sita ni Sh. 9,000. Mnaweza kukubaliana aibebe nani, lakini kubalianeni mkijua. Tunza zile meseji za manunuzi.

Tatu, kama kuna anayetoka, mmalizeni siku hiyo hiyo. Njia rahisi ni anayeingia ampe anayetoka fungu lake, mbele ya mwenye nyumba, baada ya kukagua uharibifu. Kwetu ilitakiwa yule mgeni ampe wa iliki 20,000 yake, halafu ile nyongeza ya 10,000 tuigawane watatu. Mgeni asibebeshwe kioo alichovunja mwingine, na anayetoka asiachiwe ahadi ya "tutakupa".

Nne, andikeni. Sentensi moja inatosha, na mnaweza kuinakili hii hapa:

"Mwenye nyumba anakiri kuwa anashikilia tahadhari ya wapangaji jumla ya Sh. ......, iliyotolewa mara ya kwanza tarehe ......, na kwamba fedha hiyo inaendelea chini ya mkataba huu. Mafungu ni: (jina) Sh. ......, (jina) Sh. ....... Itarudishwa ndani ya siku ...... baada ya kukabidhi chumba, ikiwa imetolewa gharama za uharibifu na madeni yaliyothibitishwa kwa risiti. Wajibu huu utamhusu pia yeyote atakayesimamia nyumba kwa niaba yake."

Hiyo ya mwisho ndiyo ingemjibu yule mpwa. Na kama mmekubaliana tahadhari ikatwe kwenye kodi, andikeni vilevile: "tahadhari Sh. kadhaa imekatwa kwenye kodi ya mwezi fulani, hakuna tahadhari inayobaki." Hapo kila mtu analala usingizi.

Tano, nakala mbili, moja yako, moja yake, shahidi mmoja, na ikiwezekana muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Mkataba wa zamani usiutupe, ubane pamoja na mpya. Ukilipa kwa simu, meseji ya muamala ni ushahidi, usiifute. Na dalali akitokea siku ya kuongeza akidai mwezi mwingine, muulize ameonyesha chumba gani safari hii.

Najua wengi mtasema, "Kaka, mama mwenye nyumba ni mtu mzima, ananiita mwanangu, nitaanzaje kumwambia aandike? Ataona simwamini." Nami aibu hiyo ndiyo iliyonizuia. Lakini kuandikiana si kutoaminiana. Mwambie: "Mama, tuandike ili hata mimi nikisahau, karatasi inikumbushe." Nakuhakikishia mwenye nyumba mwema atafurahi, maana karatasi hiyo inamlinda na yeye dhidi ya mwanafunzi atakayekuja kudai 100,000 wakati alitoa 60,000. Mama yetu yule naamini hadi leo hakuwa na nia mbaya. Alikumbuka anavyokumbuka. Mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Tanga wanasema waja leo, waondoka leo. Mpangaji ni mtu wa kuondoka. Hakikisha unapoondoka kuna karatasi inayojua ulikuja na nini.

Wale vijana wawili walirudi kwenye mashine, wakaongeza sentensi ile, wakaprinti nakala mbili. Mmoja akaniuliza kama siku za kurudisha waandike 7 au 14. Nikawaambia wakamuulize mama mwenye nyumba, wapatane naye.

Nawasilisha. Mwenye kisa chake, au mwenye nyumba aliyeonewa na wapangaji, karibu tuelimishane.